Naomba kujuzwa: wapi Moshi au Arusha naweza kumtembeza mzee na watoto waone miti ya asili yenyewe?

MamaWawili_Majengo

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo.

Niko Moshi, nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 9. Wiki iliyopita huyu mkubwa karudi na kazi ya nyumbani, ataje miti mitano ya asili ya mkoa wetu. Tukakaa mezani mimi na yeye tukaandika mwembe, mparachichi, mkaratusi, mgrevilea na mjakaranda, nikajua tumemaliza. Baba yangu alikuwa pale sebuleni anasikiliza redio, akasema hebu nisomeeni tena hiyo orodha, tukamsomea, akanyamaza kidogo halafu akasema hapo hakuna hata mmoja wa kwetu. Nikabisha. Nikaingia mtandaoni kutafuta, kumbe mkaratusi na mgrevilea asili yake Australia, mwembe umetoka Asia, parachichi na jakaranda zote Amerika huko. Yaani mimi nimezaliwa Kilimanjaro, nimesoma Kilimanjaro, nimezaa Kilimanjaro, na sina mti hata mmoja wa hapa ninaoweza kumtajia mwanangu.

Sasa mzee wangu ana miaka 74, amekulia Old Moshi, alikuwa anapanda msituni na mama yake kuokota kuni akiwa mdogo na miti alikuwa anaijua kwa jina, kwa ganda, kwa harufu, mpaka kwa moshi wake ukiiweka jikoni. Ila siku hizi kumbukumbu inaanza kupungua, leo anakumbuka kesho hakumbuki, ndo maana nataka nimpeleke mahali atembee na wajukuu zake awaonyeshe kwa kidole huu ni huu na ule ni ule, mi niwe narekodi kwenye simu.

Shida ni goti. Mlima hawezi, anahitaji njia iliyo tambarare na aweze kupumzika. Naombeni mwenye kujua njia ya msituni iliyo na miti ya asili kweli kweli na mtu wa kutuongoza anayeijua hiyo miti, isiwe ile ya kutuonyesha nyani tu. Usafiri tutatumia bajaji au daladala, gari hatuna. Natanguliza shukrani.

MkaziWaRau

Dada usihangaike mbali, hapo hapo ulipo una msitu wa Rau, na watu wa Moshi wenyewe wengi hawajawahi kuingia. Unachukua bajaji mpaka Rau Madukani unauliza njia, ni karibu sana na mjini. Ni tambarare kabisa, mzee hatapandisha kitu.

Msitu una hekta kama 570, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na unachotakiwa kujua ni kwamba haukai kijani kwa sababu ya mvua kama kule juu mlimani. Huku chini mvua ni chache, ukitoka nje ya msitu kiangazi unakutana na vumbi. Unakaa kijani kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi, mvua inanyesha kule juu Kilimanjaro inazama kwenye udongo na miamba inakuja kutokea huku kama chemchemi, ndo maana utakuta vijito ndani ya msitu na ukitoka upande wa pili ni mashamba ya mpunga tu. Ile miti mikubwa mizizi yake iko majini mwaka mzima.

Mti wa kumwonyesha mzee pale ni MSOO. Huo ndo mti wa Rau. Duniani unaota porini Tanzania na Kenya basi, na ni wa kutafuta, uko kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Ni jamii moja na kunde na maharage ukiuangalia huwezi kuamini, maana ni lijiti linanyooka kwenda juu mpaka shingo inauma. Na kitu ambacho mimi kinanifurahisha kila nikimpeleka mgeni, jina lake la kisayansi ni Oxystigma msoo. Yaani mzungu alipokuja kuuandika kwenye vitabu vyake hakuweka jina la rafiki yake wala la mfalme wake, kaacha msoo kama msoo. Mwambie mwanao aandike huo kwenye daftari namba moja.

Muongozaji utampata, ulizia kwanza ofisini kwao kuhusu kiingilio na kibali. Nendeni asubuhi, saa 2 mpaka saa 5 ndo muda mzuri, mbega na kima mtawaona bila kutafuta. Mvae viatu vya kufunika, siafu wapo.

FundiMbao_Njoro

Naunga mkono Rau, ila usisahau kumwonyesha mtoto mvule, upo humo, tena mikubwa ya kukumbatiwa na watu wanne watano na bado mikono haikutani.

Mimi ni seremala mwaka wa 26 huu, mvule naujua ukiwa mbao na naujua ukiwa umesimama. Ukikwaruza ganda au ukikata jani unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Na mvule kuna dume na jike, miti tofauti, jike ndo anazaa matunda na hayo matunda popo wanayapenda kupita kiasi, wanakula usiku wanaruka wanakwenda kudondosha mbegu mbali. Kwa hiyo ukifukuza popo umefukuza na mvule, hilo watoto walijue maana watu wanapiga popo mawe bila kujua wanachofanya.

Kingine, mvule unatengeneza JIWE ndani yake. Sitanii, jiwe gumu la chokaa linajificha katikati ya gogo, kwa nje hulioni. Mwaka ambao ndo nimeanza kazi kwa mjomba wangu tulikuwa tunapasua gogo kuukuu la mvule, msumeno ukalia kama umegonga chuma, meno yote yakaisha. Nikajua mtu kapigilia msumari zamani. Tulivyopasua kwa nyundo na patasi tukakuta jiwe kubwa kuliko ngumi, limekaa ndani ya ubao kama kokwa ndani ya embe. Mti unavuta madini kutoka ardhini miaka na miaka yanaganda pale. Mjomba akaniambia lishike, hilo ni umri wa mti.

Sasa hivi mteja akija anataka mlango wa mvule namwambia ukweli kwamba mti wenyewe ulichukua miaka mingi kuliko ukoo wako kukaa hapa. Wengine wanabadilisha mawazo.

ChaliiWaUsa

Arifu zangu wa Moshi mnajipendelea, na Arusha tupo jamani.

Dada, kama siku moja mtapata gari lililoinuka juu mlete mzee Hifadhi ya Arusha aone ule mkuyu wa tao. Mnatoka barabara ya Moshi Arusha mnakata pale Usa River, mnapita geti la Ngongongare mnaenda mpaka Momela, halafu njia ya kupanda mlima Meru inayoenda kambi ya Miriakamba, huko kwenye msitu ndo mnaukuta. Njia inapita KATIKATI ya mti. Sio kwamba mtu amekata tundu, hapana, mti wenyewe umesimama kwa miguu miwili na juu umeungana, gari linapita chini na tembo anapita.

Nilivyoelezwa na askari wa hifadhi na nikaja kuona mwenyewe kwenye mikuyu midogo, hii jamii ya mikuyu haianzii chini. Ndege au mbega anakula tunda anaenda kujisaidia juu ya tawi la mti mwingine, mbegu inaota kule kule juu, inateremsha mizizi myembamba kama kamba ikitafuta udongo, ikishafika chini inanenepa, mizizi inakutana inagandana inakuwa kama wavu, mti wa ndani unabanwa unakosa mwanga, unakufa unaoza, unabaki mkuyu umesimama kwenye umbo la marehemu. Kwa hiyo pale kwenye uwazi unapopita, fahamu tu kwamba kulikuwa na mti mwingine.

Msitu wa kule una mipodo na mitarakwa mingi, hii ni ile miti ya jamii ya misonobari lakini ya hapa hapa Afrika, hatukuletewa na mtu. Mpodo haufungi koni kama msindano, mbegu yake inakaa juu ya kitunda laini na ndege wanakula. Mtarakwa ukiokota kipande kikavu unakinusa, ni harufu ya penseli, na penseli zilikuwa zinachongwa humo kweli.

Ila ukishuka kutembea kwa miguu lazima uwe na askari mwenye bunduki, nyati ni wengi. Sio sehemu ya kusema ngoja tutembee wenyewe kidogo. Bebeni vitambulisho, mtanzania bei yake ni tofauti kabisa na mgeni.

Kijana_Pasua

Nyie mbona hamsemi kwamba mti mrefu kuliko yote Afrika uko hapo Rau?? Nimesikia tangu nipo shule ya msingi

Mgumu_wa_Marangu

Hapana mdogo wangu, tusimpe mama habari ambayo mtoto ataiandika shuleni akakosa tena.

Mti mrefu kuliko yote wa asili uliopimwa Afrika uko Kilimanjaro lakini sio Rau, uko kwenye bonde kule juu kwenye miteremko ya mlima, urefu mita 81.5. Habari zake zilitoka 2016, aliyeupima ni mtaalamu Mjerumani Andreas Hemp ambaye amefanya kazi mlimani hapa miaka mingi. Jina lake Entandrophragma excelsum, ni jamii ya mkangazi, na hata mwarobaini wa nyumbani ni ukoo huo huo. Walikadiria una miaka kati ya 500 na 600. Umefika urefu huo kwa sababu uko bondeni, upepo hauupigi sana, udongo ni wa volkano na maji yapo. Na haukuonekana miaka yote hiyo kwa sababu hakuna njia, makorongo yale hata sisi tunaobeba mizigo hatuingii.

Mimi nimebeba mizigo njia ya Marangu miaka 11, sasa nimeacha kwa ajili ya mgongo, lakini msitu ule nauota. Watu wanaupita mbio wawahi kileleni na wakishuka wamechoka hawaangalii. Ukitoka getini unaanza na msitu mnene wa mvua, kuna mkulo, ule mti ambao mbao zake zinauzwa kwa jina la kamfa, zamani ulikatwa vibaya sana lakini una tabia ya kuchipua kwenye mizizi, unakuta shina la babu limeoza katikati na wajukuu wamesimama duara kulizunguka. Kuna makangaga makubwa ya urefu wa mtu na zaidi, yamesimama kama minazi. Chini njiani kuna ua dogo jekundu na njano lililopinda kama mkonga wa tembo, hilo halipo mlima mwingine wowote duniani, Impatiens kilimanjari. Nimeona wageni wanalikanyaga wakipiga picha ya kilele.

Ukikaribia kambi ya Mandara, mita 2,720, miti inaanza kuvaa ndevu, zile kuvu za kijivu zinazoning'inia, ukungu unaingia saa 7 mchana unasikia matone yanadondoka na mvua hainyeshi. Hayo ni maji ya ukungu yamenaswa na majani na ndevu. Mzee yule wa Rau hapo juu amesema maji yanatoka mlimani, basi na haya matone yamo.

Juu zaidi kuna miti ya Erica, halafu maeneo ya kambi ya Horombo kwenye mabonde ndo unakuta ile miti ya ajabu kuliko yote, Dendrosenecio kilimanjari, shina nene, kichwani majani kama kabichi, na majani yake yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti kwa sababu usiku kule maji yanaganda. Pembeni kuna lobelia inayojifunga usiku na asubuhi inajifungua. Nilikuwa naamka kabla ya wenzangu kuiangalia.

Lakini mama, kwa goti la mzee Marangu usijaribu. Ni kama kilomita 8 mpaka Mandara na yote ni kupanda. Watoto wakikua walete. Mzee mpeleke Rau.

MwalimuMstaafu_Kibosho

Binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Nilifundisha miaka 33 na hiyo kazi ya miti mitano nimewahi kuitoa mimi mwenyewe, na majibu yalikuwa kama ya kwako, mkaratusi wa kwanza.

Wote waliojibu wamejibu vizuri. Mimi naongeza jambo moja. Kabla ya Rau mpeleke mzee kihambani kwenu Old Moshi, hata kama siku hizi anakaa mdogo wako. Simama naye katikati ya migomba na umuulize mti mmoja mmoja. Kihamba cha Kichaga ni msitu ambao babu zetu waliupunguza, hawakuufyeka wote, waliacha miti ya kivuli na kuweka migomba na baadaye kahawa chini yake. Kama bado ipo atakuonyesha mringaringa, ule wenye maua meupe yanayodondoka yanatandaza chini, nyuki wanaupenda na mizinga ilichongwa humo. Atakuonyesha mruka, kivuli chake ni chepesi, kahawa inapenda, na majani yake yanarutubisha udongo. Mpakani atakuonyesha sale. Sale kila Mchaga analijua hata kama hajui miti mingine, ndiyo mpaka wa shamba na ndiyo msamaha, mtu akikukosea akaja na jani la sale mkononi huwezi kumfukuza.

Na muulize kuhusu nusu maili. Kama alikuwa anaokota kuni na mama yake miaka ya hamsini mwishoni na sitini, basi ilikuwa ni humo. Ule ukanda uliwekwa wakati wa Mwingereza, mwaka 1941, kati ya vihamba na msitu wa serikali, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani. Sasa mambo yamebadilika, mwaka 2005 msitu uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa, na kina mama wa juu kule wana yao ya kusema kuhusu kuni. Hilo ni mjadala mwingine. Lakini mzee wako ana majina ya miti ya ule ukanda kwa Kichaga cha Old Moshi, ambacho sio sawa na cha kwetu Kibosho wala cha Machame, mti mmoja unaweza kuwa na majina matatu ukivuka mito miwili. Rekodi jina kama anavyolitamka. Usimsahihishe.

MamaWawili_Majengo

Mwalimu shikamoo, na ahsante sana. Ahsanteni wote, nimesoma mpaka nimewasomea watoto. Tutafanya vyote viwili, Jumamosi kihambani na wiki inayofuata Rau. Mgumu, mtoto wangu mkubwa anauliza huo mti wa mita 81.5 ni sawa na ghorofa ngapi?

Mgumu_wa_Marangu

Mwambie ukihesabu mita 3 kila ghorofa ni kama ghorofa 27. Moshi mjini hakuna jengo la hivyo.

MamaWawili_Majengo

Jamani nimerudi kuwapa mrejesho, samahani ni ndefu.

Kihambani tulienda. Mringaringa upo mmoja tu, mingine ilikatwa ikauzwa mbao tukisomeshwa sisi, baba alisema hivyo hivyo bila kusikitika, akasema huu ulikuwa wa ada ya dada yako. Sale zipo mpakani zote. Alitaja miti tisa kwa Kichaga ndani ya nusu saa na mimi nilikuwa nahangaika na simu, mitatu ya kwanza haikurekodiwa kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Ilibidi nifute picha nikiwa nimesimama pale. Nilimwomba arudie akarudia miwili, wa tatu hakuukumbuka tena, alitutazama tu. Nawaambia hilo ili mwenye mzazi asisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Rau tulienda jana. Bajaji mpaka kule, tukaingia saa 2 na nusu na kijana mmoja anayeijua kazi yake. Mlivyosema ni tambarare ni kweli ila kuna sehemu ina tope na mizizi imepita juu juu, tukawa tunamshika baba mkono huku na huku. Baridi ya humo ndani sikuitegemea, nje jua la Moshi mnalijua, ukiingia hatua chache tu ni kama umefungua friji. Mdogo alikuwa anaongea njia nzima, tulivyoingia akanyamaza mwenyewe.

Msoo tuliuona. Yule kijana alianza kueleza, baba akamwambia ngoja, akaenda akaweka mkono kwenye shina akagonga mara mbili kwa vidole vilivyokunjwa kama anabisha hodi, akasema huu sikuujua, huu ni wa huku chini, sisi kule juu hatukuwa nao. Nilidhani atavunjika moyo. Wapi. Akamwambia kijana niambie sasa, akakaa kwenye gogo akawa anauliza yeye maswali, unatoa maua lini, mbegu yake ikoje, mbao zake zinaliwa na mchwa? Miaka 74 anajifunza mti mpya. Mkubwa wangu alikuwa anaandika, na aliposikia msoo umo kwenye jina la kisayansi alimuuliza yule kijana mara tatu kama ana uhakika.

Mvule baba aliutambua mwenyewe kabla hatujaambiwa, kutokea mbali. Tulijaribu kuuzunguka mikono, sisi wanne na kijana wa tano, hatukufika. Hotpoti ya mtori tulifungua pale pale chini yake, tukala, baba akalala usingizi kidogo ameegemea mzizi na mbega juu wanaruka.

Mtoto ameandika upya orodha yake: msoo, mvule, mringaringa, mruka, mpodo. Mwalimu wake alishasahihisha ile ya kwanza kitambo, lakini amesema anampelekea hivyo hivyo.

Kuna mti mmoja wa kihambani baba anaujua kwa Kichaga tu na yule kijana wa Rau hakuutambua kwenye picha. Nitaweka picha ya jani na ganda kesho, mwalimu naomba uuangalie.

Na Fundi, nilimsomea baba ile habari yako ya jiwe ndani ya mvule. Ameniuliza mara mbili leo, asubuhi na sasa hivi jioni, kwamba lile jiwe mlilitupa?

FundiMbao_Njoro

Hatukulitupa. Mjomba alifariki nikalirithi na vifaa vyake, ndo linazuia mlango wa karakana upepo ukivuma. Mlete mzee siku yoyote isipokuwa Jumapili, alishike.